Nyumba za Nukta Zisizo na Uzito

Mpwa wangu amejenga nyumba mia moja na kumi na mbili na hajawahi kushika mwiko hata siku moja. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuanza nikimtaja mbele za watu, kisha ninanyamaza kidogo, niwaone wanavyotoa macho. Raha yangu iko hapo, kwenye kale kaukimya. Mwaka huu ukimya huo ulikaribia kuua watu, na ndiyo maana ninaandika mwenyewe kabla wengine hawajalisimulia jambo hili vibaya. Nikilisimulia vibaya mimi, angalau itakuwa kwa ufundi.

Jina lake analo, la shule na la hospitali, lakini sisi tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo, akakua, akabaki mdogo. Akikaa nyuma ya kaunta ya duka la miwani anakofanya kazi, wateja huuliza kama kuna mtu. Kazi yake hasa iko chumba cha nyuma: anakata vioo na kuvipachika kwenye fremu. Akikosea nusu ya unywele, mteja atashuka ngazi ambayo haipo. Basi hakosei. Anapima, anapuliza vumbi, anapima tena. Hata chai anaikoroga kama anahesabu.

Jioni akirudi kwa mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, anafungua kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi moja, anaanza kujenga.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe nitaeleza, ingawa elimu yangu iliishia darasa la sita, na la sita lenyewe nililisoma nikiangalia nje. Ni mchezo wa maisha. Unaumba familia ya watu wadogo wa kwenye kioo, unawahamishia mtaani, na mchezo unawapa sarafu elfu ishirini za kuanzia maisha, basi. Humo humo wapate kuta, paa, kitanda, jiko na choo. Ukishindwa, wanalala kwenye majani, wananuka, wanakupungia mikono huku wanalia kwa lugha yao isiyoeleweka. Nyumba zilizo tayari humo ndani ni za bei ya kutisha. Kwa hiyo wachezaji wa nchi mbalimbali wanamtafuta mtu aliyejenga nyumba ya kuanzia, ya bei nafuu lakini ya kupendeza, waichukue bure waiweke kwenye kiwanja chao. Mtu huyo ni Nukta.

"Kwa nini hujengi majumba ya maana?" nilimuuliza siku moja. "Bwawa la kuogelea, ngazi ya kuzunguka, vitu vya watu wenye hela."

"Wenye hela watajijua, mjomba."

Mimi ninaelewa. Yeye na mama yake wamehama vyumba vya kupanga mara kumi na moja. Idadi hiyo sikuipata kwa mtu: godoro nililibeba mimi, mara zote kumi na moja. Kuna chumba walikaa siku tisa tu, hata pazia hawakuwahi kulitundika.

Ufundi wake uko katika kupunguza. Anajenga nyumba kamili kwanza, inapita bei, halafu anaanza kuifuta kidogo kidogo. Anabofya ukuta, ukuta unatoweka, bei inashuka. Anabofya mwingine. Anaacha kile tu ambacho macho yanakihitaji. Nyumba yake inayopendwa kuliko zote ameiita Pumua. Chini ni chumba kimoja kipana, sebule na jiko pamoja, hakuna ukuta katikati, na mbele kote ni wazi, isipokuwa mlango wa kijani. Ngazi inapanda kwa nje. Juu kuna beseni la kuogea limekaa kweupe, kwamba mtu wa kwenye kioo aoge huku anatazama mtaa. Yote hiyo haikufika elfu ishirini. Ukiitazama Pumua, kifua chako chenyewe kinapanuka. Watu elfu arobaini wameichukua.

Sasa tuje kwangu, maana najua mmenikumbuka. Mimi ni mpaka rangi, miaka thelathini na moja juu ya ngazi. Nimepaka shule, nimepaka benki, nimepaka mahakama nikiwa na kesi humo humo. Kuta ninazijua kuliko waliozijenga. Ninachosahau kusema ni kwamba ninazijua ngozi zake tu.

Siku moja nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi wangu, povu limejaa kidevuni. Kinyozi huyu ni kijana mpole, ana mikono mepesi, na siku hizo mkewe alikuwa mjamzito. Alikuwa amepata kakiwanja, na wachora ramani walikuwa wanamzungusha, njoo kesho, njoo wiki ijayo.

"Ramani?" nikamwambia. "Wewe unakaa na mimi hapa halafu unahangaika na ramani? Mpwa wangu anachora nyumba. Watu elfu arobaini wamezichukua."

Akasimamisha wembe. "Elfu arobaini, mzee wangu?"

"Na ushei."

"Ni mhandisi?"

Hapo ndipo kaukimya kangu kalipokuja. Niliona kwenye kioo wateja wawili wa benchi la nyuma wameinua vichwa. Nikasema, "Ukimwona tu, utajua." Na sikudanganya. Ukimwona Nukta, unajua kwamba ni Nukta.

Nikamwonyesha picha za Pumua kwenye simu. Moja ya mbele, nyingine inayoonekana kutoka juu, paa limeondolewa, sakafu yote ina mistari ya viboksi.

"Hivi viboksi?"

"Vipimo hivyo," nikajibu kama mtu aliyevibuni. "Kiboksi kimoja, mita moja."

Nani aliniambia ni mita moja? Hakuna. Nikamtumia zile picha, naye siku hiyo akakataa hela ya kunyoa. Nukta sikumwambia. Nilisahau. Kusahau kwangu kuna tabia ya kuchagua.

Ikapita miezi minane. Kinyozi alikuwa ananiambia ujenzi unaendelea, na kila nikitaka kwenda kuona anasema, "Subiri, mzee wangu, nataka nikushangaze." Mimi nikadhani amechukua rangi ya mlango tu kutoka kwa Pumua, au mtindo wa dirisha.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, ikaingia picha kwenye simu yangu, na chini yake maneno: Mwambie mhandisi wetu aje aone kazi yake. Tumehamia juzi. Leo saa sita maji yanafunguliwa mtaani kwetu, tangi linajazwa kwa mara ya kwanza. Lita elfu tatu!

Niliangalia ile picha nikaona fahari imenijaa mpaka masikioni. Ilikuwa Pumua. Pumua yenyewe, ya zege, imesimama kwenye udongo, na pale penye beseni la kuogea kuna tangi jeusi kubwa. Nikaondoka kwenda dukani kwa Nukta. Njiani nilimwonyesha fundi viatu. Nilimwonyesha muuza magazeti. Nilimwonyesha na mtu nisiyemjua aliyekuwa anasubiri kuvuka barabara. Nilifika saa sita na nusu. Hiyo saa moja na nusu niliyopoteza njiani bado sijajisamehe.

Nukta alikuwa chumba cha nyuma, anakula chakula chake cha mchana pembeni ya mashine ya kukatia vioo. Nikamwekea simu mbele kama mtu anayeweka zawadi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Si yako! Tazama, hata mlango ni kijani."

Hakucheka. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, kama anavyotafuta mkwaruzo kwenye kioo.

"Mjomba, nguzo ziko wapi?"

"Kwani wewe uliweka nguzo?"

"Mimi sikuweka," alisema polepole sana, "kwa sababu kule hakuna kitu kizito."

Sikuelewa. Akanieleza, na sauti yake ilikuwa inapungua kila neno. "Kule nikifuta ukuta wa chini, sakafu ya juu inabaki hewani. Nikifuta nyumba nzima nikaacha beseni peke yake, beseni linabaki hewani. Hakianguki kitu kule, mjomba. Huo ukuta wa katikati niliufuta ili nibakiwe na sarafu za taa." Akaninyooshea simu. "Humu kuna watu?"

"Kinyozi wangu na mkewe. Na kachanga, wiki sita."

Kijiko kikamtoka mkononi. Hakikuanguka kwa kelele, kilianguka kwenye wali, lakini mimi nilishtuka kama kimeangukia bati.

Nikampigia kinyozi. Alipokea huku mashine inanguruma.

"Watoe watu kwenye ile nyumba," nikasema. "Mtoe mke, mtoe mtoto, sasa hivi. Itaanguka."

Akacheka! Akacheka kicheko kirefu cha mtu anayenijua. "Mzee wangu, wiki iliyopita uliniambia mamba ametoka kwenye bomba la mtaa wenu. Juzi ukaniambia mama mkwe wangu amekuja kunyolewa. Leo umeamka na hili?"

"Si utani!"

"Hata la mamba ulisema si utani." Akakata. Nilipopiga tena, simu iliita mpaka ikachoka. Nikamjua: ameiweka kwenye chaji, anaendelea na kichwa cha mtu.

Ndugu zangu, mimi nimeishi kwa mdomo. Mdomo umenilisha, umenioza mke, umenitoa polisi mara mbili. Siku hiyo niliuhitaji kwa sentensi moja tu ya kweli, nikakuta hauna mtu anayeuamini.

Tulipanda pikipiki moja watatu, dereva, Nukta katikati, mimi nyuma nimeishikilia roho yangu kwa meno.  Nukta alikuwa anaongea peke yake, nami namsikia upande upande kwa sababu ya upepo. "Lita elfu tatu ni tani tatu. Tani tatu. Na zege lenyewe."  Kisha tena, "Ukuta ule ulikuwa sarafu mia nne tu, mjomba. Ningeacha taa."

"Utawakuta salama," nikamwambia.

"Umejuaje?"

 Dereva akauliza kama tunawahi msiba. 

Mtaa wa kinyozi ni mpya, nyumba nyingi bado hazina lipu, barabara ni vumbi tupu. Tulipopinda kona ya mwisho nikaiona. Kitu nilichozoea kukiona kwenye kioo, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kimesimama juani na kina kivuli. Kulikuwa na nepi zimeanikwa pembeni. Chini pote wazi, hakuna nguzo hata moja, na juu zege pana limekaa kama mtu amelisahau hapo. Bomba la maji lilikuwa linazomea. Sssss. Tangi lilikuwa linajaa.

Mke wa kinyozi alitutokea mlangoni anatabasamu, kitambaa begani. "Karibuni! Mzee Rangi! Na huyu ndiye mchoraji mwenyewe? Jamani, mbona mdogo hivi!"

Nukta hakuitikia salamu. Alikuwa anatazama nyuma ya yule mama. Katikati ya chumba, pale pale palipofutwa ukuta, kulikuwa na godoro dogo, na juu ya godoro mtoto amelala, mikono ameiinua kama aliyesalimu amri. Ndipo penye upepo mzuri. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya upepo huo.

"Dada," Nukta akasema, "mlango huo mbona haukufungika ulipourudisha?"

"Aa, umeanza leo tu. Unakwama juu. Kamba atakuja kuupiga randa." Kamba ndiye mwashi aliyewajengea, jina la utani, kwa sababu hupima kila kitu kwa kamba.

"Umeanza saa ngapi?"

"Tangu maji yaanze kuja."

Nukta akaniangalia. Tukainua macho wote wawili. Juu, kutoka ukuta wa kushoto mpaka wa kulia, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Niliutazama kwa jicho la mpaka rangi, nikajiambia ni ufa wa rangi, nitaupaka. Wakati ninajiambia hivyo, vumbi jeupe likateremka taratibu, likatua kwenye blanketi la mtoto.

"Mtoe mtoto nje," nikasema.

"Kwenye jua hili? Mzee Rangi, mume wangu amenipigia, ameniambia leo umeamka na utani wa nyumba kuanguka." Akacheka, akanipiga begani. "Mwenye mamba wewe!"

"Mimi siyo mhandisi," Nukta akasema.

Yule mama akageuka.

"Ninatengeneza miwani. Nyumba hii ni ya kwenye mchezo, dada, ya kompyuta. Watoto wanacheza. Mimi sijui chochote cha kujenga. Sikujua kama mnaijenga."

"Lakini mzee alisema..."

"Nilijisifu," nikasema. "Nilikuwa kwenye kiti, watu wananisikiliza, nikajisifu."

Bado hakuamini. Nilimwona anatafuta usoni mwangu mahali ambapo kicheko kitatokea, kama anavyofanya kila mtu anayenijua. Ndipo akashusha macho akaona mikono yangu. Ilikuwa inacheza, yote miwili, siwezi kuizuia, kama mikono ya mtu mwingine. Mtu anatania kwa mdomo, anatania kwa macho, lakini mikono haijui utani. Hakuniuliza tena. Alipita mbio, akamzoa mtoto na blanketi lake na vumbi lake, akatoka nje mpaka barabarani. Mtoto akaamka analia. Sijawahi kufurahia kilio kama hicho.

Mimi nilikimbilia koki ya maji iliyo getini nikaifunga. Lile zomeo likakoma. Nikasikia kitu kibaya zaidi: kimya, na ndani ya kimya, tiki, tiki, ndogo ndogo, kama mtu anavunja njiti za kiberiti moja moja. Zege.

"Basi," nikasema, "watu wametoka. Tukae mbali. Likianguka lianguke."

Nukta alikuwa amesimama chini ya ngazi ya nje. Bomba la kuteremshia maji ndani bado halijaunganishwa, mke wa kinyozi alituambia. Maji yasingeweza kutoka ila kwa kufungua kizibo cha tangi lenyewe, huko juu.

"Wamehamia juzi, mjomba," akasema.

"Nukta, usithubutu!"

"Wewe una kilo mia. Mimi mwepesi."

Akapanda. Nilitaka kumkimbilia, na hapa ninaandika ukweli ingawa unaniuma: miguu ilikataa. Nilisimama kwenye vumbi, mtu mzima, mjomba mtu, nikamtazama mtoto wa dada yangu anatembea juu ya zege lililokuwa linavunja njiti. Hakutembea katikati. Alitambaa ukingoni, juu ya ukuta wa kushoto, tumbo chini, akiwa amevua viatu. Sijui viatu vina uzito gani, lakini alivivua. Alinyoosha mkono akafikia kizibo. Kikakataa. Akajaribu tena. Nikasikia anahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama anavyohesabu akipachika kioo kigumu, na kwenye tatu maji yakaruka, yakamwagika mbele ya nyumba kama pazia, yakaloanisha nepi, ngazi na nyanya za jirani.

Aliposhuka alikuwa ameloa, midomo imekuwa ya kijivu. Nikamshika. 

Kinyozi alikuja mbio, aproni shingoni, mashine ya kunyolea mkononi bado. Mkewe alikuwa amempigia, na mkewe hana historia ya mamba. Nyuma yake alikuwa Kamba, mwashi, aliyemwita njiani, ana begani mirunda minne, miti ya kuegemezea zege, ile ile aliyoitumia wakati wa kumwaga zege. Kamba aliinama, akachungulia ule ufa, akasema neno ambalo sitaliandika.

"Si nilikuuliza boriti iko wapi?" akamgeukia kinyozi. "Nilikuuliza au sikukuuliza? Ukaniambia ramani ya mhandisi haina boriti, kwani mimi nimesoma kumshinda mhandisi!"

"Mzee ndiye aliniambia," kinyozi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Tutagombana baadaye," akasema Kamba. "Nataka mtu mmoja ashike mrunda wima, mimi nigonge kabari. Haraka, kabla halijaamua."

Kinyozi akapiga hatua. Mkewe akamdaka shati kwa nyuma, mkono mmoja una mtoto, mmoja una shati, na hakulegeza.

"Mimi," nikasema.

Msinisifu. Sikuwa jasiri, nilikuwa na aibu tu, na siku hiyo aibu ilizidi woga kwa kipande kidogo sana. Niliingia.  Nikashika mrunda wa kwanza pale pale godoro lilipokuwa, bado lina alama ya kichwa cha mtoto. Maisha yangu yote nimetazama dari nikiwa nimeinua brashi. Siku hiyo dari ndiyo iliyokuwa inanitazama. Kamba anagonga kabari, kila pigo linapanda kwenye mti, linapita mikononi mwangu, linaingia kwenye meno. Wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa nasali bila maneno. Kwenye wa tatu likalia. Siyo tiki, hapana. Ng'uuu, kama ng'ombe, na lote likateremka kwa upana wa kidole changu kidogo, likakaa juu ya miti. Mti ukalia nao. Mkojo mdogo ukanitoka, na anayetaka kucheka acheke.

"Usiachie," Kamba alininong'oneza.

"Niachie niende wapi?"

Tukaweka wa nne. Likatulia. Tulitoka kinyumenyume, kana kwamba tukiligeuzia mgongo litajua.

Siku ya pili alikuja mhandisi wa kweli, mama mmoja wa makamo mwenye kofia na mkanda wa kupimia. Hakupandisha sauti. Alisema zege la juu livunjwe lote, ziwekwe nguzo mbili na boriti, na tangi likae chini. Alipomaliza aliomba kuiona ramani. Kinyozi akamwonyesha picha ya simu. Yule mama aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Na huyu mtu mdogo wa bluu kwenye kona ni nani?" 

Familia ya kinyozi iko chumbani kwangu tangu siku hiyo, mimi ninalala kwenye kochi. Zege la juu na nguzo ninalipia mimi, kwa brashi, nyumba moja baada ya nyingine, na nikiulizwa habari za ukuta nasema muulizeni mwashi. Kinyozi alikaa wiki tatu bila kunisemesha. Siku ya kwanza aliyonisemesha alisema, "Mtoto amelala, punguza redio," nikaipunguza kama niliyeamriwa na rais.

Na Nukta? Kazini hakukosa hata siku moja. Lakini nimemwona akiingia chumbani anatazama juu kwanza, kabla ya kusalimu. Kompyuta hakuifungua mwezi mzima. Alipoifungua, kitu cha kwanza alikwenda kwenye kila nyumba yake, zote mia moja na kumi na mbili, akaandika chini yake kwamba hii ni ya mchezo, haibebi kitu, mtu asiijenge. Ilimchukua siku nne. Kila akimaliza moja alikuwa anasoma majibu ya watu, anasoma hadi mwisho, anatafuta kama kuna mwingine. Wengi walimcheka. Nani atajenga nyumba ya mchezo, wakamwandikia. 

Sasa ameanza tena kujenga, ila nyumba zake zimebadilika. Zina kuta nene, zina boriti, zina nguzo katikati ya sebule. Mchezo hauhitaji nguzo, na kila nguzo ina bei, kwa hiyo nyumba zinapita elfu ishirini na watu hawazichukui. Wanalalamika: mbona unatuzibia sebule, mbona umeharibika. Juzi nilikuwa nimesimama nyuma yake, anapachika nguzo ya tano kwenye kibanda cha chumba kimoja. Mdomo ukaniwasha.

"Hiyo moja imezidi," nikasema. "Itoe tu, upate hela ya taa."

Kidole chake kikasimama juu ya kitufe. Akageuza shingo akanitazama, na macho yake yalikuwa yale yale ya ukingoni kwa tangi.

"Una uhakika, mjomba?"

Nikaitazama ile nyumba kwenye kioo, na wale watu wadogo wanaozunguka ndani yake, wanacheka, wanapika.

"Hapana," nikasema. "Iache."